Kushona Gauni la Leo kwa Mtindo wa Zamani: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Nashona na kufundisha ushonaji Ngamiani. Kila wiki hunijia mtu na picha kwenye simu, au na gauni la marehemu bibi yake lililokunjwa kwenye mfuko, akitaka "kama hili, lakini la sasa". Wanayoniuliza yanakaribiana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa darasani.

Mtindo wa zamani ni upi hasa?

Wauza nguo kuukuu hulihesabu gauni kuwa la zamani likishatimiza miaka 20 au zaidi, na likivuka 100 huliita la kale. Mimi darasani naishia miaka ya 1970. Kuanzia hapo kurudi nyuma, fundi alikuwa bado anamshonea mtu mmoja anayemjua kwa jina, na hilo linaonekana ndani ya nguo.

Nianzie wapi kutafuta?

Anzia kwenye kasha la nyumbani kwenu. Nasema hivi kwa kila mwanafunzi, na wengi huenda kwanza kwenye simu, wakarudi na picha za wanawake wa Paris wasiowajua. Muulize bibi, mama mkubwa, shangazi. Omba ruhusa, kaa naye chini, funueni kasha pamoja. Utakuta gauni la harusi, shumizi yenye lesi, kanga zilizokunjwa na karafuu au udi. Mwache azungumze. Akikwambia kwamba kola ile ilishonwa na fundi wa barabara ya pili aliyekuwa akidai malipo nusu kabla ya kukata kitambaa, umeshapata habari ambayo haimo katika picha yoyote.

Baada ya kasha, tafuta picha. Familia nyingi za Tanga zina picha za studio za miaka ya 1950 na 1960, watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa. Huo ndio wakati mji ulipokuwa na fedha ya mkonge, na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zikatokea hapa hapa. Watu walijipamba kwenda dansini na kwenye taarabu, na walipojipamba walikwenda kupigwa picha. Pita pia kwenye jengo la Boma la zamani, ambamo leo mna makumbusho ya Urithi, ukaone picha za mji wetu wa enzi hizo. Mitumba naiweka ya tatu. Ina faida moja kubwa: gauni la mitumba unaweza kuligeuza ndani nje ukalichunguza, na hakuna atakayekukataza.

Nimepata picha nzuri. Sasa nifanye nini nayo?

Usianze na rangi wala maua ya kitambaa. Picha nyingi ni nyeusi na nyeupe, na hilo ni jambo jema, kwa sababu linakulazimisha kutazama umbo. Mimi hutazama mabega kwanza: mshono wa mkono umekaa juu ya mfupa, au umeteremka? Halafu kiuno: kimekaa mahali pake, kimepandishwa chini ya matiti, au kimeshushwa nyongani? Kisha natafuta mahali upana ulipotoka. Sketi pana haipanuki yenyewe. Ama imekusanywa kwa uzi, ama imepigwa marinda, ama imekatwa duara, na kila njia inaanguka kivyake. Iliyokusanywa inavimba tangu kiunoni. Ya duara inalala kiunoni kisha inafunguka chini kama mwavuli.

Mwisho natafuta dati, ile mikunjo midogo iliyoshonwa kuelekea kifuani au kiunoni ili kitambaa kifuate mwili. Ukizihesabu dati za picha moja na kuzichora kwenye karatasi, gauni hilo umeshalipata nusu yake.

Ni enzi ipi inayonifaa mimi?

Miaka ya 1920 inamfaa anayejifunza. Gauni lilianguka wima, kiuno kikashushwa hadi nyongani, na mishono ni michache. Wanafunzi wangu wapya huanza hapo, na wengi hulimaliza kwa siku moja. Linampendeza zaidi mwenye kifua kidogo. Mwenye kifua kikubwa litamning'inia kama pazia, na ni vyema aambiwe mapema.

Miaka ya 1930 ndiyo niipendayo kuliko zote. Ni enzi ya kukata kitambaa mshazari, na nitaieleza peke yake hapo chini.

Miaka ya 1940 ni ya mtu mwenye kitambaa kidogo. Uingereza iliweka mgao wa nguo kuanzia tarehe 1 Juni 1941 hadi Machi 1949. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa awamu ya kwanza. Gauni la sufu lilichukua kuponi 11, na la pamba 7. Mafundi wakabana sketi, wakapunguza marinda na vifungo, wakatengeneza gauni moja kutoka mawili yaliyochakaa. Ukiwa na yadi 2 tu mkononi, jifunze kwa watu hao. Kipande cha rangi nyingine begani au kifuani, ambacho leo tunakiona pambo, mara nyingi kilikuwa kiraka kilichopangwa kwa akili.

Tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior, mbunifu wa mavazi Mfaransa, alionyesha mavazi yake ya kwanza mjini Paris: kiuno chembamba, nyonga zilizojazwa, sketi iliyokula mita nyingi za kitambaa. Watu waliotoka katika miaka ya uhaba walishtuka, wengine wakakasirika, lakini umbo hilo ndilo lililotawala miaka ya 1950 na ndilo ninaloletewa na wateja wengi zaidi.

Miaka ya 1960 ilileta gauni la umbo la herufi A, jepesi kushona, pamoja na sketi fupi. Ukiona picha za Tanzania za wakati huo zenye sketi fupi, kisha za baadaye kidogo zenye pindo lililoshuka, kumbuka kwamba Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Miaka ya 1970 ni magauni marefu na mikono mipana. Sina mengi ya kuisemea. Kata pana, shona, vaa.

Nilishonewa gauni la miaka ya 1950 na halikunikaa kama pichani. Kosa liko wapi?

Kosa liko chini ya gauni. Wanawake wa kwenye picha zile walivaa vazi la kubana kiuno, sidiria iliyochongoka na gagulo lenye tabaka juu ya tabaka. Fundi akinakili kile kinachoonekana nje tu, sketi inalala na kiuno kinapotea.

Kwa joto la Tanga, hasa Januari na Februari wakati wa kaskazi, siwezi kumshauri mtu ajifunge kwa vazi la kubana. Ninachofanya ni hiki. Nashona gagulo moja la popilini lenye rinda moja pana chini, tangu gotini, ili upana uanzie chini na hewa ipite juu. Kisha naweka mkanda wa ndani: utepe imara usiovutika, upana wa inchi moja, ulioshikizwa kwenye mishono ya kiuno na kufungwa kwa kulabu kabla zipu haijavutwa. Utepe huo ndio unaobeba uzito wa sketi. Gauni halitelezi, na kifua kinabaki mahali pake. Mafundi wa zamani waliuweka mara nyingi, na leo karibu hakuna anayeuweka. Ukijifunza kitu kimoja tu kutoka kwenye ukurasa huu, jifunze utepe huo.

Sketi ya mwavuli inakatwaje, na inakula kitambaa gani?

Gawanya kiuno kwa 6.28. Kiuno cha inchi 28 kinakupa karibu inchi 4 na nusu. Huo ndio umbali kutoka kwenye ncha ya kitambaa kilichokunjwa hadi mstari wa kiuno. Kata nusu inchi ndani ya mstari huo kwa ajili ya mshono. Ukitaka urefu wa inchi 25 na pindo la nusu inchi, jumla ni inchi 30. Kwa kitenge cha upana wa inchi 45 utakata nusu duara mbili, na zitakula kama yadi 3 na nusu. Kitenge cha yadi 6 kitakuachia ya kutosha sehemu ya juu na mikono.

Chagua kitenge chenye maua madogo yaliyotawanyika. Picha kubwa za ndege au mitungi zitakuwa wima mbele, zimelala ubavuni na kupinduka kwingineko. Ukishashona, itundike sketi usiku kucha kabla ya kupiga pindo, kwa kuwa sehemu zilizoangukia mshazari zitarefuka zenyewe.

Naweza kutumia kanga?

Unaweza, lakini usiikate duara. Hapa huwa sikubali kubishana. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na vyote vitatu vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Ukiikata duara, pindo linakatikakatika na jina linapotea mshononi.

Tumia sketi ya kukusanya kiunoni, ile ile iliyokuwa ikivaliwa miaka ya 1950. Kanga moja ina upana wa karibu inchi 59 na kimo cha inchi 43. Doti nzima, yaani kanga mbili, inakupa inchi 118 za kuzunguka mwili, karibu mara nne ya kiuno cha inchi 30, na kwa kuwa kanga ni nyepesi inakusanyika bila kuwa nene. Pima urefu kutoka chini kwenda juu, ukiacha pindo la chini lilivyo. Jina litabaki mahali pake, juu kidogo ya pindo, likisomeka mbele na nyuma. Pindo za pembeni zikutanishe kwenye mshono wa ubavuni, zitaonekana kama zimewekwa makusudi. Vipande vya juu vinavyobaki vitatosha mkanda, ukingo wa kola na mikono mifupi. Sehemu ya kifua ishone kwa popilini ya rangi moja iliyomo kwenye mji.

Ifue kanga mpya kabla ya kukata, peke yake, kwa maji baridi. Wanga utoke, irudi inavyotaka kurudi, na rangi ya ziada iishe.

Ombi langu moja: ukikuta kwenye kasha kanga yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, usiiguse kwa mkasi. Kanga za majina ya namna hiyo ni za kabla herufi za Kilatini hazijashika, na zilizobaki ni chache. Ipige picha, chora pindo lake, umpe mdarizi alitie kwenye kitambaa kipya.

Kukata mshazari ni nini, na kwa nini mafundi wanaogopa kukata hivyo?

Kila kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wake, na za mshindio, zinazopita kwa upana. Ukivuta kufuata mtande hakivutiki. Ukivuta kona kwa kona kinanyumbuka kama mpira. Kukata mshazari ni kulilaza gauni kwenye mstari huo wa kona, ili kitambaa kiufuate mwili bila dati nyingi. Aliyeifikisha kazi hii mbali ni Madeleine Vionnet, Mfaransa aliyezaliwa 1876 na kufungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912. Hakuanza na karatasi. Alikuwa na mwanasesere wa mbao, akimzungushia kitambaa na kukata juu yake hadi umbo likae, ndipo akapeleka kwenye kimo cha mtu.

Gauni langu la kwanza la mshazari lilikuwa la satini ya kijani, la mteja aliyekuwa na harusi Jumamosi. Nilipiga pindo Alhamisi jioni nikiwa nimefurahi. Ijumaa asubuhi upande mmoja ulikuwa umeshuka inchi 2. Nilifumua pindo lote, na mama wa watu akaja kunikuta bado nimeshika sindano. Alikuwa mpole kwangu, na nimelikumbuka jambo lile kila nishikapo satini.

Kwa hiyo, litundike gauni siku nzima au zaidi. Mteja alivae, asimame wima, nawe upime pindo kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, kamwe usipime kutoka kiunoni. Tumia sindano nyembamba, na uvute kitambaa kidogo sana unaposhona ili uzi usikatike kikinyumbuka. Na usione haya kutumia mwanasesere. Wanafunzi wangu hujaribu kwenye mwanasesere wa mtoto kwa mabaki ya khaki na shuka, na hapotezi mtu mita 3 za kitambaa cha mteja.

Navaa kwa stara. Mitindo hii si ya kuacha mwili wazi?

Mingi si hivyo. Magauni ya mchana ya miaka ya 1930 na 1940 yalikuwa na mikono, kola na urefu unaopita goti. Kwa yaliyo wazi, shona kijikoti kifupi cha kitambaa hicho hicho kinachoishia kiunoni. Ndivyo walivyofanya wenyewe walipotoka dansini kuingia barabarani. Lesi iwekee bitana ya rangi ya kitambaa. Sketi irefushe kwa kuongeza rinda chini, maana kuurefusha mkato wenyewe kutabadili umbo lote.

Nitajuaje kwamba gauni la mitumba ni la zamani kweli?

Ligeuze ndani nje. Zipu ya chuma iliyowekwa ubavuni kushoto ni dalili nzuri, kwani zipu za nailoni zilienea kuanzia miaka ya 1960. Akiba pana ya mshono, inchi nzima au zaidi, na pindo lililoshikizwa kwa mkono ni dalili nyingine. Kama limetoka Marekani na lina kibandiko cha maelezo ya kufua, huenda ni la baada ya 1972, sheria ya vibandiko hivyo ilipoanza kutumika huko. Lisilo na kibandiko linaweza kuwa la zamani, au limeshonwa nyumbani, au mtu amekikata tu kwa sababu kilimwasha shingoni. Dalili moja pekee haitoshi.

Kujua kitambaa, chomoa uzi mmoja wa ndani uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polyester inayeyuka na kuwa punje ngumu.

Nilifumue nijifunze, au nilinakili lilivyo?

Kama ni la bibi, usilifumue. Litandaze juu ya karatasi, shikiza kwa pini kwenye mishono, na ufuate mishono kwa penseli kipande kwa kipande. Kama ni la mitumba na limechanika, lifumue bila wasiwasi. Andika kwenye kila kipande jina lake na mshale wa mtande kabla hakijatoka, kwa maana vipande vya kifua vikishalala mezani vyote vinafanana.

Nimepewa pateni (karatasi za kukatia gauni) ya zamani iliyoandikwa saizi yangu, lakini gauni limenibana.

Namba zilibadilishwa. Kampuni kubwa za pateni zilipanga upya saizi zao mwaka 1968: kifua cha inchi 34 kilikuwa saizi 14, kikawa saizi 12. Isahau namba, soma inchi zilizoandikwa kwenye bahasha, na ujipime upya kwa futi kamba.

Kitambaa gani kinafaa hapa Tanga?

Pamba: popilini, kanga, kitenge laini. Kwa mshazari tafuta krepu nzito kidogo. Sufu na brokedi za kwenye picha waachie waliokuwa na baridi.

Lazima niwe na cherehani ya kisasa?

La. Cherehani ya miguu inayoshona mshono ulionyooka inatosha kabisa, ndiyo iliyoshona karibu kila gauni unalolitamani kwenye picha hizo. Kingo za ndani zifunge kwa mshono wa Kifaransa, yaani shona kwanza nje, kata akiba iwe nyembamba, geuza, ushone tena ndani. Hutahitaji ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, na ndani patakuwa nadhifu kama nje.

Bibi yangu amefariki na hakuacha nguo wala picha. Nianzie wapi?

Alikuwa na wenzake. Watafute. Usiwaulize walikuwa wakivaa nini, swali hilo ni kubwa mno na watakujibu "tulivaa vizuri tu". Waulize bibi yako alivaa gauni gani siku ya Idi fulani, nani alimshonea, kitambaa kilinunuliwa duka lipi, mikono iliishia wapi. Nenda na kanga na pini, wakuonyeshe kwa mikono yao.

Nilikwenda hivyo kwa bibi mmoja wa Makorora, kwa niaba ya msichana aliyetaka gauni kama la bibi yake. Bibi yule alichukua kanga yangu, akajizungushia kiunoni akiwa ameketi, kisha akasimama, akaweka kidole chini kidogo ya goti. "Hapa, mwanangu. Isishuke zaidi, na chini iwe pana. Mimi na bibi yake tulikuwa tukipanda baiskeli." Nikapiga magoti nikapima. Inchi 27.